Kwenye gemu nako iwepo kadi nyekundu

Kwenye banda la gemu, Ipagala, dogo akipigwa bao la tatu anachomoa waya wa pedi ya mwenzake. Watu wanacheka, yanaisha. Mimi nasema yasiishe.

Mei 2020, corona imefunga viwanja, madereva wa IndyCar walishindana mtandaoni kwenye uwanja wa Indianapolis wa kwenye kompyuta. Simon Pagenaud, bingwa wa Indy 500 mwaka 2019, alipunguza mwendo makusudi mbele ya Lando Norris wa McLaren. Norris akamgonga, ushindi ukamponyoka, akashinda Scott McLaughlin. Wapo waliosema ni gemu tu.

Gemu tu? Waulize wanaokimbiza mtandaoni magari ya kale ya tairi nje, kama Lotus 49 ya 1967 isiyo na mabawa. Tairi likigusa tairi, gari linaruka, na kwenye mduara wenzako wako nyuma yako wamebanana. Mhuni mmoja anaharibu mbio za watu wote.

Wenye mabanda mnaoandaa ligi za kiingilio cha buku, bandikeni adhabu ukutani kabla ya mechi ya kwanza. Anayechomoa waya apoteze mechi na buku yake.