Homa si malaria tu

Vipimo vya damu vya homa zinazotoka kwa mifugo vifike Marangu, Kibosho na Rombo, visiishie Moshi mjini.

Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwapima wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi. Zaidi ya nusu walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Baadhi ya wengine walikutwa na homa zitokazo kwa mifugo, kama leptospirosisi, homa ya Q au brusela, ambazo dawa ya mseto ya malaria haizitibu.

Tena kwa vipimo vya homa hizi damu huchukuliwa mara mbili, kwa kupishana wiki kadhaa, maana kingamwili zaweza kuwa za ugonjwa wa zamani. Mkamua ng'ombe wa kihambani ateremke Moshi mara mbili kwa nauli ya nani?

Wanaopanga bajeti waagize vitendanishi mwaka huu wa fedha, na wakomeshe kugawa mseto kwa mgonjwa ambaye kipimo chake cha malaria kimesoma hasi.