Chujio la Mashine ya Kukaushia Nguo na Haki ya Asiyefunzwa



Wapenzi wasomaji, kila anayeishi katika mwambao wetu ayajua masika. Nguo zilizoanikwa asubuhi huanuliwa jioni zingali na maji, na zikilala siku ya pili hushika uvundo usiotoka hata kwa udi. Ndiyo maana mashine za kukaushia nguo, ambazo zamani tulizisikia kwa jamaa zetu walioko ng'ambo, sasa zimeingia katika baadhi ya nyumba zetu. Nami ninayo moja. Niliiletewa na mpwa wangu afanyaye kazi Dubai, baada ya mke wa mwanangu kujifungua pacha na kamba za ukumbini kujaa nguo za watoto zisizokauka.

Mwezi wa kwanza tulishukuru. Mwezi wa tatu nikaanza kunung'unika, kwani tokeni za umeme zilikuwa zikiisha kabla ya wakati wake. Nikamwita binti anayetusaidia kazi za nyumbani, nikamwambia mbele ya watu wa nyumba: "Binti yangu, umeme si maji ya mvua. Mbona nguo za saa moja unazizungusha saa mbili?" Akainamisha kichwa, akajibu kwa sauti ndogo: "Sizitoi mapema, Baba, kwa sababu hazikauki." Mimi nikaona huo ni udhuru wa mvivu. Nikamsomea darsa refu kuhusu israfu, naye akanyamaza.

Haikupita juma. Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, tulisikia harufu ya kitu kinachoungua. Mashine ilikuwa ikizunguka, na pacha wamelala chumba cha pili. Mwanangu alikimbia akazima umeme. Tulipoigusa, kifuniko chake kilikuwa cha moto kiasi cha kutowekeka mkono. Alhamdulillahi, hapakuwa na moto.

Asubuhi alikuja fundi. Hakufungua hata skrubu moja. Aliingiza vidole penye mdomo wa mashine, akavuta chujio la wavu mwembamba, na juu yake palikuwa na tandiko la usufi wa kijivu, nene kama kipande cha godoro. Akaniuliza: "Sheikh, hili lilisafishwa lini?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua kuwa lipo. Kijitabu cha maelezo nilikuwa nacho mimi, ndani ya mfuko wake, katika mtoto wa meza yangu niliyoifunga kwa ufunguo.

Nieleze basi aliyotufahamisha, ili yawafae wengine. Mashine hii huvuta hewa, huipasha moto, huipitisha katikati ya nguo zinazozunguka, kisha huisukuma nje kwa bomba pamoja na unyevu wake. Nguo zikisuguana hutoa vinyuzi vidogo vidogo, khasa taulo, shuka na nguo za pamba. Chujio limewekwa kuvinasa vinyuzi hivyo. Likijaa, hewa haipiti. Unyevu hukosa pa kutokea, nguo hubaki mbichi, mashine huzunguka muda mrefu zaidi, na joto hujilimbikiza ndani. Nao usufi mkavu, kama tuujuavyo ule wa mito yetu, hushika moto upesi mno.

Wala hili si jambo la kuogofya watoto. Idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia majanga ya moto ilikadiria kuwa, kati ya mwaka 2008 na 2010, visa vipatavyo 2,900 vya moto wa mashine hizi vilitokea majumbani kila mwaka nchini humo, vikaua watu wapatao 5 na kujeruhi 100. Sababu iliyoongoza ilikuwa ni kutosafisha.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Kila mara nguo zinapotolewa, chomoeni chujio, mkunje usufi kwa vidole na kuutupa. Haichukui hata dakika moja. Mashine isiwashwe kamwe bila chujio, na likichanika linunuliwe jingine, kwani tundu dogo hupitisha vinyuzi hadi ndani penye joto.

Mara kwa mara lioshwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini, khasa kwa wanaotia ndani ya mashine vile vitambaa vya kulainisha na kunukisha nguo, maana huacha utando usioonekana kwa macho. Njia ya kulijaribu ni hii: limwagieni maji ya mfereji. Yakipita, li safi. Yakituama juu ya wavu, limezibwa, ijapokuwa mwaliona jeupe. Likauke kabisa kabla ya kurudishwa.

Pale linapokaa chujio nako pana usufi uliopenya. Chomoeni waya wa umeme kwanza, kisha mpafute kwa brashi ndefu au mashine ya kuvuta vumbi. Bomba la kutolea hewa lisipindwe wala kubanwa na ukuta, nalo lisafishwe kila baada ya miezi michache. La chuma ni bora kuliko la plastiki. Zipo pia mashine zisizo na bomba, ambazo hugeuza mvuke kuwa maji na kuyakusanya katika tangi dogo. Hizo tangi lake humwagwa, na huwa na sehemu nyingine za kusafishwa ndani. Kijitabu chake huzitaja.

Mawili ya mwisho. Vitambaa vilivyoingia mafuta ya kupikia, petroli au rangi visitiwe humo hata kama vimefuliwa, kwani mafuta yaliyosalia huweza kuwaka yenyewe kwa joto. Na mashine isiachwe ikizunguka watu wamelala au wametoka.

Ndugu zangu, tuna mazoea ya kusema ajali haina kinga, tukaifanya methali hiyo kuwa mto wa kulalia uzembe wetu. Tawakkul ni baada ya kufunga ngamia, si kabla. Nyumba ni amana, na waliolala ndani yake ni amana kubwa zaidi.

Lakini lililonikosesha usingizi si moto. Ni kwamba yule binti alisema kweli, nami nikamwita mbadhirifu. Nilimpa chombo asichofunzwa, nikamfungia elimu yake katika meza yangu, kisha nikamdai matokeo. Ni wangapi miongoni mwetu tunawakaripia watumishi, wake na watoto kwa yale ambayo hatukuwahi kuwaelekeza?

Siku ile ile, baada ya Adhuhuri, niliwakusanya wale wale waliosikia karipio langu. Nikamwambia: "Binti yangu, nilikudhulumu kwa maneno. Niwie radhi." Akatabasamu kwa haya, akasema: "Nimekusamehe, Baba." Kisha sote tukafunzwa na fundi, wanaume kwa wanawake, namna ya kulitoa chujio na kulirudisha. Zamu yangu ni Jumamosi. Na nguo sasa hukauka kwa saa moja.

Nawausia, kabla ya kulala leo, mwenye mashine akalitazame chujio lake, na mwenye kumkaripia mtu ajiulize kwanza kama alimfunza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.