Saratani ya Kurithi: Matiti Yasikatwe kwa Haraka

Mama aliyetibiwa akapona saratani ya ovari, yaani ya viungo viwili vinavyokomaza mayai ya uzazi, hukabiliwa na swali jingine endapo vipimo vitaonyesha kwamba ugonjwa wake ulitokana na urithi. Je, matiti yake nayo yakatwe yangali mazima, ili saratani isipate pa kuingia? Swali hili si la nchi za mbali tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliikuta hitilafu hiyo ya kurithi miongoni mwa wagonjwa wa saratani ya matiti wa Uganda, nchi inayopakana na Mkoa wa Kagera.

Katika chembe za mwili mna jeni ziitwazo BRCA1 na BRCA2, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995. Kazi yake ni kusaidia kuunga nyuzi za urithi zinapokatika. Jeni mojawapo ikiwa na hitilafu, kazi hiyo hulegea. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, 72 hupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80, na 44 hupata ya ovari. Kwa BRCA2 makadirio ni 69 na 17. Kukata matiti yote mawili hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 90 hivi au zaidi.

Kwa hesabu hizo msomaji aweza kudhani kwamba kisu ndilo jibu la kila mmoja. Kwa maoni yangu sivyo. Kwanza, adui mkubwa wa mama huyu katika miaka ya mwanzo ni ile saratani ya ovari yenyewe, ambayo mara nyingi hurudi. Kukata matiti hakuizuii kurudi. Pili, tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba katika miaka 10 ya kwanza baada ya ugonjwa huo, wanaopata saratani ya matiti ni wachache, kiasi cha mmoja katika kumi au pungufu. Tatu, upasuaji una kidonda, maumivu na gharama. Mkulima wa migomba wa Muleba anayesafiri hadi Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, yafaa atumie nguvu na fedha zake kwanza kufuatilia ugonjwa alionao, huku matiti yake yakichunguzwa kila mwaka. Ikipita miaka mitano hivi bila ugonjwa kurudi, naye angali na umri na afya njema, hapo upasuaji wa matiti una maana, na uamuzi ni wake.

Lakini faida kubwa ya kuijua hitilafu hiyo huwaendea jamaa zake. Kila mtoto wake ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi. Binti au dada aliye mzima bado ana wakati: aweza kuchunguzwa mapema, kuondolewa ovari akiisha kuzaa watoto anaowataka, na kufikiria upasuaji wa matiti wakati ambapo utamfaa zaidi.

Hapa desturi yetu yaweza kutupoteza. Huku Bukoba na Muleba mtu hutambulikana kwa ukoo wa baba yake, lakini jeni haijui mipaka ya ukoo. Hutoka kwa mama, na hutoka vilevile kwa baba ambaye pengine hakuugua kamwe. Kifo cha shangazi kina uzito sawa na kifo cha mama mdogo. Palipo na vifo vingi vya namna hiyo, watu wasikimbilie kunong'ona habari za uchawi.

Kwa hiyo hospitali zetu, kama vile ya Mkoa mjini Bukoba, Rubya na Ndolage, hazina budi kumwuliza kila mgonjwa wa saratani ya ovari habari za jamaa wa pande zote mbili, na kuziandika. Kalamu na daftari havina gharama kubwa, navyo vyaweza kumwokoa binti ambaye bado hajaugua.