Jina la Mtoto Lisiachwe



Juzi mama mmoja wa Baraka alinijia na barua mkononi. Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma. Anafanya kazi Kanada kwa kibali, na sasa ataka kuomba ukaazi wa kudumu. Katika barua aliandika: “Yule kijana wangu wa kwanza, niliyemzaa kabla ya ndoa yetu, nimtaje? Rafiki wananishauri nimwache, ili mambo yaende upesi.” Mama akaniuliza: “Mwalimu, tumjibu nini?”

Tutazame kwanza sheria yenyewe. Mwaka 2008 Kanada ilifungua njia kwa wenye ufundi ambao wamekwisha kufanya kazi nchini humo. Mwombaji athibitishe kwamba amefanya kazi ya ufundi, kwa kibali halali, muda wa mwaka mmoja, yaani saa 1,560, katika miaka 3 iliyotangulia. Kwa hiyo atunze barua za mwajiri na karatasi za mshahara. Tena atahiniwe katika Kiingereza au Kifaransa; na hapo aliyesoma shule zetu za Fizi asijidharau, maana Kifaransa alikipata darasani. Jimbo la Quebec lina taratibu zake.

Hayo mafundi wengi wanayajua. Wanalolisahau ni hili: mwombaji hana budi kumtaja mkewe, na watoto wake wote walio chini ya miaka 22 wasio na ndoa, hata wale wasiosafiri naye, hata anayelelewa na bibi yake. Nao wapimwe na daktari aliyekubaliwa na serikali hiyo. Mtoto akizaliwa maombi yakiwa bado hayajajibiwa, naye aongezwe mara moja. Asiyetajwa wala kupimwa, baba akishapata ukaazi, kwa kawaida hawezi tena kuitwa kama mtoto wa jamaa. Kalamu ya baba mwenyewe ndiyo iliyomfungia mlango. Zaidi ya hayo, anayegunduliwa amesema uongo katika maombi aweza kukatazwa kuingia Kanada miaka 5. Basi hiyo “upesi” ya rafiki iko wapi?

Kwetu iko kazi nyingine. Vita ya 1996 iliwavusha watu wengi wa Fizi Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, na karatasi nyingi zilipotea njiani. Nyumba nyingi zina cheti cha ubatizo tu. Hicho ni cha thamani, lakini hakishiki mahali pa cheti cha serikali. Tangu 2016 sheria ya Kongo huwapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Zikipita, yatakiwa hukumu ya mahakama, nayo huchukua muda. Basi tusingoje barua ya Kanada ndipo tuanze kutafuta cheti. Tena ndoa ya kimila nayo iandikishwe.

Nilimwambia mama: “Amtaje.” Alinyamaza kidogo, kwa kuwa kijana yule si wa tumbo lake. Kisha akasema: “Ndiye anichoteaye maji kila asubuhi. Nitamwandikia babaye leo.”

Wewe msomaji uliye na mume au ndugu ugenini, mwulize katika barua ijayo: majina ya watoto wote yamo?