Mguu Usifungwe

Yako mafundisho yaliyotoka katika uwanja wa mashindano ambayo sasa yataka kutawala barabara ya watu wote. Husema kwamba mpanda baiskeli makini hana budi kuunasa mguu wake katika pedali: afunge kipande cha chuma chini ya soli ya kiatu, akitie katika kishikizo chenye springi, na kila atakapo kushuka apinde kisigino kando ndipo anasuke. Nashika kalamu kuyapinga. Chombo chenyewe sikitukani. Nalaumu kutolewa kwake mahali pake.

Mwaka 1985 Mfaransa Bernard Hinault alishinda mbio kuu za kuzunguka Ufaransa kwa pedali za Look, kampuni iliyozoea kutengeneza vifungio vya viatu vya kutelezea thelujini. Kwa mshindani yalikuwa maendeleo, maana ukanda wa zamani ulitaka mkono kuulegeza, na springi ilitaka kisigino tu. Lakini mshindani hufungiwa barabara. Sisi wengine husafiri kwa kusimamasimama: mtoto avuka, basi lakata njia, taa yawa nyekundu. Usalama wetu hupimwa kwa upesi wa mguu kufika chini.

Watetezi hujibu kwamba mazoea huondoa hatari. Ni kweli kwa jambo linalotazamiwa, ajali haitazamiwi. Mguu uliochelewa kunasuka humwangusha mtu ubavu wakati baiskeli imesimama. Uani anguko hilo huchekesha. Kando ya lori liendalo, nani atacheka?

Husema tena kwamba mguu huteleza juu ya pedali bapa, hasa wakati wa mvua. Hoja hii ina haki ya kusikilizwa, kwani pedali laini iliyolowa imechubua miundi mingi. Hata hivyo, dawa ya utelezi ni pedali yenye meno au mpira wa kukwaruza, pamoja na soli imara. Asiyetaka kuteleza hahitaji pingu.

Hoja ya tatu ni nguvu: ati mguu ulionaswa huvuta pedali juu na kuzidisha mwendo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waendeshaji walioambiwa wavute pedali juu walitumia nguvu nyingi zaidi za mwili kwa kazi ile ile. Basi mtu wa sokoni aambiwa anunue hatari kwa faida asiyoipata.

Tazameni Uholanzi, nchi yenye baiskeli nyingi kuliko watu. Huko mwalimu, mzee na mwanafunzi hupanda kwa viatu vya kila siku juu ya pedali bapa. Tazameni pia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako kazi ya bodaboda ilianza kwa baiskeli. Mwendeshaji alichukua abiria nyuma yake, na kila aliposimama, salama ya miili miwili ilitegemea mguu wake mmoja kugusa ardhi.

Mashindano na yabaki na vifaa vyake. Ila mwalimu au muuzaji amwambiaye mwanafunzi kwamba pedali bapa ni alama ya ujinga amkosea adabu, na huenda akamkosesha uhai. Mwiga tembo hupasuka msamba. Na mwiga bingwa, katikati ya magari, aweza kupasuka zaidi ya msamba.