Tairi likipasuka tusisingizie kudra

Ndugu Mhariri,

Nina dukuduku juu ya jambo ambalo sisi wakazi wa Temeke na Kinondoni tumelizoea mpaka tunaliona la kawaida. Gari linapopinduka husemwa kwamba "tairi lilipasuka", na mazungumzo huishia hapo, kana kwamba ni kudra tupu. Mimi nimeendesha magari tangu miaka ya 1980, na nasema kwamba mara nyingi tairi halipasuki bila mkono wa mtu.

Nianze na langu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua tairi la mbele la pikapu yangu kwa muuzaji wa kando ya barabara. Lilikuwa la mtumba, jeusi linalong'aa, na kashata zake zilionekana nzima. Nikauliza bei, tukapatana, likafungwa. Hata juma halikwisha likapasuka Mbagala, katika Barabara ya Kilwa, nikiwa na shehena ya nyanya. Gari liliingia mtaroni na utingo wangu akavunjika mkono. Fundi pancha alipolikata tairi lile alinionyesha kwamba lilikuwa kipara, likachongwa upya kwa kisu, kisha likapakwa rangi. Kisu kilikuwa kimefika kwenye nyuzi za chuma, nazo zilikwisha ota kutu. Kijana yule alikaa miezi mitatu bila kazi, na mama yake aliponiuliza kisa sikuwa na la kumjibu. Muuzaji alinidanganya, ndiyo. Lakini nami niliuliza bei tu, sikuuliza umri.

Wako watakaosema kuchonga matairi ni desturi ya zamani. Ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipokuwa haina fedha za kigeni, matairi yalikuwa adimu ingawa tulikuwa na kiwanda chetu cha General Tyre mjini Arusha, kilichoanza uzalishaji mwaka 1971. Tulichonga na tulitia viraka vya ndani. Lakini dereva wa siku zile alijua anachokanyagia, akaenda taratibu. Kiwanda kile, ambacho Serikali ilikuwa na asilimia 74 ya hisa zake, kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na maduka yamejaa matairi kutoka nje. Anayechonga leo na kupaka rangi hana kisingizio cha uhaba. Anamficha mnunuzi ukweli, na abiria wa daladala ambaye hakuulizwa neno ndiye anayelipa. Yapo matairi ya malori ambayo kiwanda chenyewe huyaandika kwamba yanaruhusiwa kuchongwa, lakini ya magari madogo siyo.

Ndugu Mhariri, naomba niwakumbushe wenzangu mambo machache. Kwanza, kila mnunuzi asome umri wa tairi ubavuni. Baada ya herufi DOT zipo tarakimu, na nne za mwisho ndizo juma na mwaka wa kutengenezwa. Ukiona 2319, hilo limetengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na jua la Pwani halina huruma. Ukiona nyufa ubavuni, liache hata kama kashata ni nzima.

Pili, upepo. Mafundi wengi hupima kwa kupiga tairi teke au nyundo, na sisi madereva tunaridhika. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila linapozunguka, likapata joto, na joto ndilo linaloliua, hasa gari likiwa limeelemewa na mzigo. Geji ni kitu kidogo na bei yake haifiki hata robo ya bei ya tairi. Pima asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa la baridi, kwa kipimo kilichoandikwa mlangoni mwa gari.

Tatu, ufungaji. Nati zikazwe kwa kukingamisha, siyo kwa kuzunguka moja baada ya nyingine, na zikaguliwe tena baada ya mwendo wa kilomita 50 hivi. Gurudumu lililochomoka halina tofauti na tairi lililopasuka.

Nne, mitaa yetu. Mashimo yetu hufukiwa kwa vifusi vya nyumba zilizobomolewa, na ndani yake mna misumari. Wajumbe na wenyeviti wa mitaa wahimize misumari iokotwe kabla ya kifusi kumwagwa. Vilevile marundo ya matairi mabovu kwenye vibanda vya pancha hushika maji ya mvua, na humo huzaliana mbu waenezao homa ya dengue, ambao huuma mchana. Jiji letu liliugua mwaka 2014 na tena 2019. Matairi hayo yafunikwe, au wapewe mafundi wa katambuga wayatumie.

Mwisho, nawaomba askari wa usalama barabarani wainame na kutazama matairi stendi, kabla daladala halijapakia, na wasingoje mpaka ajali itokee. Anayeuza tairi lililochongwa na kupakwa rangi achukuliwe hatua sawa na auzaye dawa iliyopitwa na wakati, kwani wote wawili wanauza mauti. Na wenye magari wenzangu, tusiwasukume madereva wetu barabarani na vipara kwa kutaka hesabu ya jioni. Hesabu hiyo haitoshi kulipia mkono wa mtoto wa mwenzio.

Dereva Mzee,
Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.