Uongo Unaokuweka Nje ya Sajili ya Wapiga Kura

Uchaguzi Mkuu wa Kenya utafanyika Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Siku hiyo haichaguliwi na mtu, kwani Katiba inasema Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Usajili wa wapiga kura ulirejelewa tarehe 29 Septemba 2025, na madai yale yale yanaendelea kuzungushwa kwenye vijiwe vya bodaboda, ndani ya matatu na katika makundi ya WhatsApp. Mengine husemwa kwa nia njema kabisa. Nayajibu kwa sababu uongo wa siku ya kura unaweza kusahihishwa pale pale kituoni, lakini aliyedanganywa asijisajili hana la kufanya Agosti ikishafika.

"Kura yangu moja haina maana, washindi hupangwa." Hili nalipa nafasi kubwa kwa kuwa anayelisema ana sababu zake. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais baada ya kukuta kasoro na ukiukaji wa sheria, hasa katika upeperushaji wa matokeo. Mwaka 2022 makamishna wanne kati ya saba wa tume ya uchaguzi, IEBC, waliyakana matokeo aliyotangaza mwenyekiti wao, ingawa mahakama hiyo hiyo baadaye iliyathibitisha. Sitamlaumu mtu kwa kuwa na shaka. Ila hesabu za 2022 zinasema jambo jingine. William Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni kura 233,211. Vituo vya kupigia kura vilikuwa zaidi ya 46,000, kwa hiyo ukigawanya unapata kura tano kwa kila kituo. Ile nusu ya kura inayotakiwa na Katiba ili kuepuka duru ya pili ilivukwa kwa kura zisizofika 70,000, yaani pungufu ya kura mbili kwa kituo. Wakati huo huo, kati ya watu 22,120,458 waliokuwa kwenye sajili, zaidi ya milioni 7 hawakupiga kura.

Na kura hazihesabiwi Nairobi. Zinahesabiwa kituoni kwako, mbele ya mawakala wa wagombea. Matokeo ya urais yanaandikwa kwenye Fomu 34A, mawakala wanatia saini, nakala inabandikwa mlangoni. Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2017 kwamba matokeo ya kituoni ndiyo ya mwisho. Makao makuu hayana ruhusa ya kuyagusa. Mwaka 2022 picha za fomu hizo ziliwekwa mtandaoni, na raia wa kawaida wakakaa na simu zao wakizijumlisha. Kama unaogopa wizi, basi piga kura, kisha jioni urudi uipige picha fomu ya mlangoni. Shaka ikikuweka nyumbani, kituo chako kinabaki na jicho moja pungufu.

"Lazima nijisajili nyumbani nilikochukulia kitambulisho." Hapana. Unaweza kuchagua kituo popote nchini, na kila eneobunge lina ofisi ya IEBC inayosajili. Dai hili limewanyima kura watu wengi wenye nia ya kweli ya kupiga. Mtu wa Kitui anayefanya kibarua Kayole anajisajili kwao kwa mapenzi, kisha Agosti nauli inapanda, mwajiri hampi ruhusa ya kutosha, naye anabaki Nairobi akitazama matokeo kwenye runinga. Najua uzito wa kupiga kura kwenu, karibu na wazee. Lakini mtaro wa maji machafu unaopita mbele ya nyumba yako ya kupanga uko chini ya gavana na mwakilishi wa wadi wa pale unapolala. Ikiwa tayari umesajiliwa mbali, omba kuhamishwa. Sheria inataka ombi hilo lifike si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi, kwa hiyo usivuke mwanzo wa Mei 2027. Usajili wenyewe pia hufungwa mapema kabla ya siku ya kura, kwa hivyo yule anayesema "bado kuna muda" anakupotosha.

"Nilipiga kura 2022, nijisajili upya." Usifanye hivyo. Jina lako bado lipo, na kujisajili mara mbili ni kosa. Hakiki tu kwamba taarifa zako ziko sawa.

"Karatasi ya kusubiria kitambulisho inatosha." Haitoshi. Inatakiwa kitambulisho cha taifa chenyewe au pasipoti ambayo haijaisha muda, na hati uliyojisajili nayo ndiyo utakayobeba siku ya kura. Picha yake kwenye simu haikubaliki. Na ukisikia mwanasiasa anakusanya vitambulisho eti awasajili watu, kataa. Mashine inachukua alama za vidole vyako na picha ya uso wako, na hakuna awezaye kuzitoa kwa niaba yako.

"Vidole vyangu vimechakaa, mashine itanikataa." Nimelisikia kwa wachonga mawe wa matimbo ya Kilifi, ambao ngozi ya vidole imelainika kama kioo kwa kazi ya miaka. Mashine ikishindwa kusoma, karani anakutafuta kwa nambari ya kitambulisho, picha yako inatokea kwenye skrini, Fomu 32A inajazwa mbele ya mawakala, nawe unapewa karatasi zako. Karani akikwambia urudi nyumbani, muulize fomu hiyo iko wapi.

"Karatasi ina nambari, watajua nimempigia nani." Karani anaweka alama kwamba umepiga kura, haandiki karatasi ipi ulipewa. Asiyeona au asiyesoma anaruhusiwa kuingia na msaidizi anayemwamini, aliyemchagua mwenyewe.

"Nikikosea, kura imeharibika basi." Kabla ya kuitumbukiza, mrudishie msimamizi wa kituo akupe nyingine. Karatasi ni sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Rangi ya kila moja inalingana na kifuniko cha sanduku lake. Kura 113,614 za urais zilikataliwa mwaka 2022, kwa hiyo usione haya kuchukua muda.

"Foleni ni ndefu, watafunga kabla sijafika." Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, lakini kila aliye kwenye foleni saa hiyo atapiga kura hata usiku ukiingia. Ukiambiwa uondoke, baki ulipo na umwite msimamizi wa kituo.